Kabla ya Kununua Kopo la Kumbukumbu

(Hotuba ya mfamasia kwa mkutano wa wastaafu, Moshi)

Shikamooni wazee wangu. Ahsanteni. Mwenyekiti amenipa nusu saa, na ameniambia kwamba nikizidisha chai itapoa na lawama zitakuwa zangu. Kwa hiyo naingia moja kwa moja.

Mimi ni mfamasia, kazi yangu iko nyuma ya kaunta. Watu wa umri wenu wakija, na hasa watoto wenu wakija kwa niaba yenu, kuna swali ambalo silikosi: "Dada, una kitu cha kumbukumbu?" Anayeuliza mara nyingi anacho tayari kwenye simu. Picha imezunguka kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, shangazi wa Dar kaituma, kaandika chini yake "mnunulieni baba". Au ametoka semina ya biashara ya mtandao, ambako kijana aliyevaa suti amewaeleza kwamba ubongo wa mzee unakauka na kopo lake linaurudishia uhai. Kopo lenyewe lina picha ya ubongo unaowaka taa. Bei yake laki na ushei, na kwa mwezi mmoja limeisha.

Niseme mapema nilipo, msije mkakaa mkinivizia. Sipingi virutubisho. Ninavyo dukani, ninaviuza, na faida ya kopo moja la aina hiyo inazidi faida ya vidonge vya presha vya mwezi mzima. Ninachosema ni kwamba fedha ya kwanza isiende kwenye kopo. Iende kwenye kujua kwa nini mtu anasahau. Kibatari kilichoishiwa mafuta ukikiongezea mafuta kitawaka, hilo halina ubishi. Ila kibatari kilichojaa ukiendelea kukimiminia unalowesha meza tu. Karibu yote nitakayowaambia leo yamo humo.

Kuna kusahau kwa umri na kuna kusahau kwa ugonjwa. Jina la mwanafunzi uliyemfundisha mwaka 1984 likikupotea, likakurudia usiku ukiwa kitandani, huo ni umri. Lakini mtu aliyekuwa mweka hazina wa shule akishindwa kuhesabu chenji ya elfu kumi, akalipa ada ya mjukuu mara mbili ndani ya wiki moja, akapotea njia ya sokoni ambayo ameipita tangu ujana, hapo tusiseme "ni uzee". Huo unaweza kuwa ugonjwa wa demensia, na ugonjwa wa Alzheimer ndio aina yake inayoonekana zaidi. Wala msiambiwe kwamba ni ugonjwa wa Wazungu. Hapa jirani, wilayani Hai, watafiti walipita vijiji sita wakawapima watu 1,198 wenye umri wa miaka 70 na kuendelea. Matokeo yalichapishwa mwaka 2013: asilimia 6.4 walikuwa na demensia. Hao ni watu wa migombani, wanaokula ndizi na mboga za shambani kwao.

Sasa tuje kwenye makopo. Nianze na ginkgo, kwa sababu ndiyo inayotajwa zaidi na ndiyo iliyopimwa vizuri zaidi. Ni majani ya mti wa asili ya China, na biashara yake ni kubwa Ulaya na Marekani. Wamarekani waliamua kumaliza mjadala. Walichukua watu 3,069, wengi wao wakiwa na miaka 75 na zaidi, wakawagawa kwa kura. Nusu wakapewa ginkgo miligramu 120 mara mbili kwa siku, nusu wakapewa kidonge kinachofanana nacho kabisa lakini hakina kitu ndani. Mmezaji hajui anameza kipi, daktari anayempima naye hajui. Wakafuatiliwa kwa takriban miaka sita. Matokeo yakatoka Novemba 2008. Kati ya waliomeza kidonge kitupu, 246 walipata demensia. Kati ya waliomeza ginkgo, 277.

Naona mama pale anatikisa kichwa. Ndiyo mama, umesikia sawa, waliomeza ginkgo walikuwa wengi zaidi. Tofauti hiyo ni ndogo, inaweza kuwa bahati tu, kwa hiyo hatusemi ginkgo inaleta ugonjwa. Tunasema haikuzuia. Miaka sita, kutwa mara mbili.

Na hapa ndipo mtu huniambia, "Lakini jirani yangu alitumia, akachangamka." Sikatai kwamba alichangamka. Ugonjwa huu una siku nzuri na siku mbaya, na watu hununua kopo ile wiki mbaya kuliko zote. Hata wasingenunua, wiki inayofuata ingekuwa na nafuu kidogo. Halafu kuna jambo ambalo huwa nalifikiria sana. Kopo likishanunuliwa, binti anaanza kuja kila asubuhi kumpa baba kapsuli yake. Akija anakuja na uji, anakaa, wanapiga soga, anamuuliza umelalaje, anamfungulia dirisha. Mzee aliyekuwa anashinda peke yake na redio sasa ana mtu. Sifa zote anapewa ginkgo! Ndiyo maana watafiti wanatoa kidonge kitupu kwa wale wengine, ili uji na soga viwe pande zote mbili na kinachobaki kuhesabiwa kiwe ni dawa peke yake.

Mfano wa pili unanifurahisha na kunikasirisha kwa pamoja. Kuna bidhaa ya Marekani inaitwa Prevagen. Kiungo chake kikuu ni protini iliyogunduliwa kwanza kwenye yavuyavu, yule kiumbe wa baharini laini anayewasha ukimgusa. Imetangazwa kwenye televisheni kwa miaka mingi, wazee wakitabasamu. Sasa jiulizeni, protini ukiimeza inakwenda wapi? Inakwenda tumboni, na tumbo linaivunjavunja kama linavyovunja samaki wa mchana. Kampuni ilikuwa na utafiti wake, watu 218. Walipolinganishwa wote, waliomeza bidhaa na waliomeza kidonge kitupu, tofauti ya maana haikuonekana. Kampuni ikaenda kuwachambua washiriki kwa vikundi vidogo vidogo mpaka ikapata vikundi vilivyoelekea kufanya vizuri, ikatangaza hivyo. Mwaka 2017 serikali kuu na jimbo la New York wakaishtaki. Kesi ikaburuzwa, na ni Desemba 2024 ndipo mahakama ilipoipiga marufuku kudai kwamba bidhaa hiyo inaboresha kumbukumbu. Hesabuni wenyewe ni makopo mangapi yaliuzwa katikati hapo.

Iliwezekanaje? Kwa sababu sheria ya Marekani ya mwaka 1994 inaruhusu kirutubisho kuingia sokoni bila mtengenezaji kuthibitisha kwanza kwamba kinafanya kazi. Dawa ya presha lazima ithibitishe, kirutubisho si lazima. Ndiyo maana ukiligeuza kopo la kutoka kule, mgongoni, kwa herufi ambazo mzee bila miwani hazioni, utakuta sentensi inayosema bidhaa hii haikusudiwi kugundua, kutibu, kuponya wala kuzuia ugonjwa wowote. Mbele "kumbukumbu imara", nyuma "sikusema kitu". Mkirudi nyumbani, mwenye kopo aligeuze. Mwaka 2020 watafiti wa kule kule walinunua virutubisho kumi vya ubongo wakavipeleka maabara, wakakuta ndani yake dawa tano ambazo hazijaidhinishwa Marekani. Mtu anadhani anameza majani kumbe anameza kitu ambacho daktari wake hajui.

Nisije nikaonekana nimekuja na hukumu mfukoni. Kuna habari inayowapa nguvu wauzaji na ni ya kweli, kwa hiyo niwape mimi kabla hawajawapa wao. Kuna utafiti mkubwa wa Marekani unaoitwa COSMOS, uliopima vitu viwili, dondoo iliyokamuliwa kwenye kakao na multivitamini, yaani kidonge cha mchanganyiko wa vitamini, ile ya kawaida ya kila siku. Kakao haikusaidia kumbukumbu ya washiriki kwa ujumla. Multivitamini ilisaidia kidogo: mwaka 2022 ripoti ya watu 2,262 ilionyesha waliomeza wakifanya vizuri kidogo kwenye majaribio ya akili kuliko waliomeza kidonge kitupu, na ripoti nyingine ya 2023 ikaelekea huko huko. Lakini mwaka 2013 kulitoka utafiti mwingine wa madaktari wanaume karibu 6,000 wenye miaka 65 na zaidi, waliofuatiliwa kwa miaka 12, na multivitamini haikuwafanyia lolote upande wa akili. Mimi nazisoma hivi: huenda kuna manufaa madogo, hasa kwa ambao mlo wao una mapengo. Hakuna aliyeonyesha kwamba inazuia demensia. Mzee akitaka kumeza multivitamini moja kwa siku, ile ya kawaida ya bei ndogo, simzuii. Kopo la laki halina ushahidi huo. Linaazima jina la ushahidi wa kidonge cha bei ndogo.

Mafuta ya samaki nitayapita haraka. Kula samaki, kula dagaa, ni vizuri. Kapsuli za omega-3 zilipimwa kwa wazee karibu 4,000 na matokeo yakatolewa 2015, hazikupunguza kasi ya akili kushuka. Vitamini E kwa dozi kubwa, mwaka 2014, ilionekana kupunguza kasi ya kushindwa shughuli za kila siku kwa watu ambao tayari wana Alzheimer ya kiwango kidogo au cha kati. Kumbukumbu yenyewe haikupona. Wazee wa kiume msikilize hapa: vitamini hiyo hiyo, yuniti 400 kwa siku, ilipopewa wanaume wenye afya, waliopata saratani ya tezi dume waliongezeka kwa asilimia 17. Hiyo ni ya 2011. Shirika la Afya Duniani lenyewe, kwenye mwongozo wake wa 2019, limesema vitamini B, vitamini E, mafuta ya omega na michanganyiko yake visipendekezwe kwa lengo la kupunguza hatari ya demensia.

Sasa turudi kwenye kibatari kilichokauka, maana ndiko kwenye faida.

Vitamini B12. Ikikosekana, damu inapungua, miguu inapata ganzi na kuchomachoma, mtu anayumba akitembea gizani, na akili inafifia. Anasahau, anakuwa mkali, anakuwa mzito. Kwa macho tu huwezi kumtofautisha na mwenye demensia. B12 imo kwenye nyama, maini, samaki, mayai na maziwa. Kwenye mboga za majani haimo. Mwili unaweka akiba yake kwenye ini ya kutosha miaka kadhaa, ndiyo maana upungufu unakuja taratibu na hakuna anayekumbuka ulianza lini. Nani anaupata? Mzee ambaye meno yamekwisha, nyama ameiacha, anaishi kwa uji na ndizi. Mzee ambaye tumbo lake halitoi tena asidi ya kutosha kuitoa B12 kwenye chakula, na hilo huja na umri. Mwenye kisukari aliyemeza metformini kwa miaka mingi. Na yule anayemeza omeprazo kila siku kwa ajili ya vidonda vya tumbo, aliyeandikiwa wiki nne akaendelea miaka minne kwa sababu inapatikana kirahisi.

Naomba wenye metformini wanyooshe mikono. Mnaona? Nusu ya ukumbi. Mimi sisemi muiache, ni dawa nzuri, inawalinda. Nasema muulizeni daktari kliniki ijayo, kwa maneno haya haya: "Nimetumia metformini muda mrefu, je, B12 yangu imewahi kupimwa?" Ikiwa imepungua, utapewa sindano au vidonge, na ikiwahiwa mapema mtu anarudi. Ikichelewa sana, mishipa ya fahamu mingine hairudi. Na msijitibu kwa foliki asidi peke yake kwa kudhani zote ni vitamini za damu. Foliki inaweza kuirekebisha damu ikaonekana nzuri kwenye kipimo, huku upungufu wa B12 ukiendelea kula mishipa kimyakimya.

Walikuja dukani kwangu mtu na dada yake, wanamtafutia baba yao kopo. Picha wanayo, fedha wanayo. Nikawaomba jambo moja, warudi na dawa zote anazotumia mzee, hata za kienyeji, kwenye mfuko mmoja. Wakarudi na mfuko wa rambo umejaa. Mlikuwa na omeprazo ya siku nyingi. Mlikuwa na amitriptilini ya maumivu ya miguu. Na mlikuwa na karatasi nzima ya Piriton, ile ya mafua, ambayo mzee alikuwa anameza vidonge viwili kila usiku ili apate usingizi, kwa ushauri wa rafiki yake. Wazee wangu, Piriton na amitriptilini zote mbili zinabana kemikali ile ile ambayo ubongo unaitumia kwa kumbukumbu. Kijana akimeza anasinzia tu. Mzee akimeza mbili pamoja kila usiku, asubuhi anaamka na ukungu kichwani, na nyumbani wanasema baba amerudi utotoni. Nikawaandikia kikaratasi wampelekee daktari. Daktari alizipunguza, akampima na B12, akakuta iko chini. Mzee hakurudi kuwa kijana, bado anasahau majina ya wajukuu wadogo. Lakini anakwenda kanisani peke yake na anarudi, na chenji anahesabu. Kopo halikununuliwa, na mimi siku ile niliuza sindano tu.

Mengine nitayataja kwa ufupi, si kwa kuwa ni madogo, ila mnayasikia kila siku. Presha kwanza. Utafiti wa Marekani wa 2019, wenye watu zaidi ya 9,000, ulionyesha kwamba walioshushiwa presha, ile namba ya juu, chini ya 120 badala ya 140 walipungukiwa na hatari ya hatua ile ya mwanzo ya akili kufifia kwa asilimia 19. Hakuna kopo lililowahi kuonyesha hivyo. Msijishushie wenyewe kwa kuongeza vidonge lakini, mtaanguka bafuni. Hiyo ni kazi ya daktari. Masikio pia: mzee ameambiwa jambo hakulisikia, kesho anaambiwa amesahau. Wataalamu wa jarida la Lancet waliorodhesha mwaka 2024 mambo 14, yakiwemo presha, kisukari, kutosikia, kutoona, upweke, sigara na pombe, wakakadiria kwamba yakishughulikiwa yote, karibu asilimia 45 ya demensia duniani ingeweza kuzuiwa au kucheleweshwa. Kwenye orodha hiyo kirutubisho hakimo.

Na kuna la dharura. Mzee aliyekuwa mzima juzi, leo amechanganyikiwa, hajui yuko wapi, anaongea yasiyoeleweka: hiyo si demensia ya kungojea semina. Inaweza kuwa malaria, maambukizi ya mkojo, sukari kushuka, au damu iliyovujia kichwani baada ya kuanguka. Hospitali, siku hiyo hiyo.

Kwa wale ambao baada ya yote haya bado watanunua kopo, na nawajua mpo, sitawanunia. Nawaomba tu msilifiche. Unayetumia wafarini, ile dawa ya kuzuia damu kuganda, au aspirini ya moyo, ukiongeza ginkgo unaweza kuvuja damu kirahisi. Vitamini B6 kwa wingi na kwa muda mrefu inaharibu mishipa ya fahamu ile ile uliyokuwa unaitibu. Mwambieni daktari na mimi pia niambieni. Kuna wazee wanawaficha madaktari kwa kuogopa kugombezwa, na nadhani lawama hapo ni yetu sisi watu wa afya zaidi kuliko yao, kwa sababu tunagombeza kweli.

Nimewaletea meza pale nyuma. Muuguzi ana mashine ya presha, na mimi nitapitia dawa za kila mtu. Wale walioambiwa na katibu waje na mifuko yao wapange mstari kulia, waliosahau kuibeba wasione haya, tutapanga siku. Majina ya dawa zenye kuleta ukungu nimeyaandika kwa herufi kubwa, mchukue nakala. Mzee wa safu ya pili, mkono wako umekuwa juu tangu nilipotaja ginkgo. Uliza sasa, na kama kopo unalo mkobani, litoe tulisome wote.